Mita Iliyoambiwa Isubiri

Veikko Lumme alikutwa kifudifudi chini ya tangi la rojo la karatasi, spana bado mkononi. Daktari wa polisi hakuchukua muda.

"Gesi," alisema. "Pumzi mbili tatu, basi."

Inspekta Aila Rautio alivua barakoa, akapanda ngazi za chumba cha udhibiti akiwa amefura kwa hasira. Kiwanda cha karatasi cha Haukkaniemi kilikuwa na mita mpya ya gesi. Kazi yake ilikuwa kuliza kengele kabla mtu hajagusa mlango wa tangi.

Mstari wa mwisho kwenye skrini ulisomeka: saa tisa na robo, gesi sifuri, salama.

"Mtambo wake ndio umemuua," alisema Pentti Sorsa, msimamizi wa zamu, akimnyooshea kidole mwanamke aliyesimama dirishani. "Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki mchana kutwa. Skrini inasema salama. Veikko naye kapita, kachungulia, kashuka."

Mwanamke huyo alikuwa Inkeri Tolvanen, fundi wa mawasiliano aliyefunga mita ile. Meneja wa kiwanda alikuwa ameshamnyang'anya funguo. Kama mtambo ulikuwa na kasoro, lawama ya kifo ilikuwa yake, na jela pia.

"Nikuweke ndani sasa hivi, au una la kusema?" Rautio alimuuliza.

"Nina swali. Sasa ni saa ngapi?"

"Inakaribia kumi na moja."

"Mita hutuma kipimo kila dakika, Inspekta. Hii imekaa kimya tangu saa tisa na robo. Haijaharibika. Imenyamazishwa."

"Na nani?"

"Na aliyekaa hapa. Mita na skrini zinaongea kwa waya mmoja. Ukiwasha udhibiti wa mtiririko kwa programu, upande mmoja unaweza kuuambia mwingine usubiri. Amri yenyewe ni herufi moja. Unabonyeza vitufe vya Control na S, mita inafunga mdomo. Control na Q, inaendelea. Kwa printa ni sawa, inapata nafasi ya kupumua. Kwa mita ya gesi ni ujinga. Mimi niliuzima udhibiti huo."

"Haya, ngano zimeanza," Sorsa alicheka. "Dada, mtambo umekwama. Kubali tu yaishe."

"Kama umekwama, Q haitafanya kitu," Inkeri alijibu. "Kama umeambiwa usubiri, utatapika kila ulichoshikilia."

Rautio aliagiza skrini ipigwe picha na alama za vidole zichukuliwe kwenye kibodi. Kisha akavaa glavu, akabonyeza Control na Q mwenyewe.

Mistari ilimwagika. Tisa na dakika kumi na sita, sifuri. Kumi na saba, sifuri. Halafu namba zikaanza kupanda, na neno HATARI likajaza skrini kuanzia juu hadi chini. Kengele ikalia, ikalia, ikalia, kila mstari na mlio wake, hadi Inkeri akaziba masikio.

Sorsa alikuwa akitazama sakafu.

"Nani aliuwasha udhibiti huo?" Rautio aliuliza kengele ziliponyamaza.

"Wiki iliyopita Pentti alilalamika kwamba mistari inamkimbia kabla hajaisoma," Inkeri alisema. "Nilimfundisha kuuwasha na kuisimamisha, kwenye printa ya ofisini. Nikamwambia mita asiiguse."

"Bwana Sorsa. Ulikuwa hapa mchana kutwa?"

"Nimeshasema."

"Mstari mmoja umeganda zaidi ya saa nzima mbele ya macho yako. Hukushtuka?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani inayolowesha nywele?"

Inspekta alinyoosha mkono, akabandua nyuma ya shingo yake jani lililonata, la fito ambazo watu hujichapia kwenye sauna, bafu la mvuke.

"Sauna ya zamu haijawashwa leo. Nimepita mlangoni pake. Sauna ya nani?"

"Ya wakurugenzi," Sorsa alisema taratibu. "Ile ya ziwani."

"Endelea."

"Maisha yangu yote naoga na watu wa zamu. Leo ndiyo mara ya kwanza wameniita. Nafasi ya mkuu wa uzalishaji iko wazi, na mambo hayo huamuliwa mle, watu wakiwa uchi. Juzi kengele ililia kwa mvuke mtupu. Ingelia leo, wangepiga simu kule, nitoke mbio na taulo mbele ya wote. Nikasema isubiri kidogo. Nikirudi naifungua."

"Uliporudi?"

"Veikko alikuwa ameshaanguka. Nyayo zake za rojo zilikuwa hapa, mbele ya skrini."

"Kwa nini hukuifungua hapo?"

"Ingesema yote."

"Kwa hiyo ukamwacha huyu dada aende jela."

Rautio alimfunga pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika.

"Unajua kinachonichefua?" alisema. "Veikko hakufanya uzembe. Alipanda ngazi zote hizi kuja kusoma skrini kwanza. Kiti kitupu hakikumtisha, pengine alidhani umeenda chooni."

"Mke wake... naweza kuongea naye mimi mwenyewe?"

"Huwezi. Na wewe subiri."