Hatua Moja Mbele

Kabla hajauona uso wake, Kimya alikiona kidole gumba cha mguu kikichungulia kwenye tundu la soksi. Alikuwa amepiga magoti, anapiga deki mlango wa mapokezi, asubuhi ya Jumatatu, saa ambayo nyumba ile ya wageni hugeuka soko: kundi moja linatoka, jingine linaingia, masanduku yanakwaruza sakafu, na kila mtu anadai ufunguo kama anayedai haki yake. Wote walikuwa wamepita juu ya maji yake na viatu vyao. Huyu mmoja tu alikuwa amevivua, amevishika mkononi.

"Samahani dada. Nisikuharibie kazi."

"Utateleza," Kimya alisema bila kuinua kichwa.

"Heri niteleze mimi kuliko..."

Hakumaliza. Faili lake la manjano liliruka juu, karatasi zikatawanyika majini, na yeye akakaa chini puu, shati lake jeupe likaloa hadi mgongoni. Kimya, ambaye jina hilo alipewa na mama yake mdogo kwa kuwa aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi, alicheka mpaka tambara likamponyoka.

"Cheka tu," kijana alisema, naye akicheka. "Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi. Nimekuja kuomba nafasi ya watu arobaini na wawili, Ijumaa ya wiki ya tatu mpaka Jumapili. Waje wacheze, waongee, wajuane upya. Tangu tufanye uchaguzi hawasalimiani. Na mpango wenyewe ndio huo unaoupigia deki."

Walizianika karatasi kwenye kamba ya nguo, nyuma ya jiko. Wakati zinakauka, Katibu alieleza alivyopanga: waliogombana atawaweka vyumba vilivyo mbalimbali, wasionane.

"Usifanye hivyo," Kimya alisema. Akashangaa kujisikia akiendelea. "Waweke vyumba vinavyotumia bafu moja. Maji ya moto yanakwisha saa moja asubuhi. Itabidi wapangane nani aanze. Watasemeshana wapende wasipende."

Katibu alimtazama kama mtu aliyeinama kuokota kifungo akakuta pete.

"Mambo haya umeyasomea wapi?"

Angeweza kujibu kwamba ameyasomea mabafuni. Lakini macho yale yalikuwa yamemtazama kwa heshima, na heshima ni kitu ambacho hakukizoea.

"Nimemaliza sekondari," alisema. "Nasubiri kwenda chuo."

Uongo ulimtoka mwepesi kama pumzi. Ukweli ni kwamba aliachia darasa la tano, mwaka ambao mama yake aliugua.

Wiki tatu zilizofuata simu haikutulia. Katibu aliandika ujumbe mrefu kama barua ya mahakama, na Kimya akausoma chumba cha kufulia, kidole kikifuata kila neno, midomo ikicheza. Akimaliza, alijibu kwa maneno mawili: "Nipigie tu."

"Malkia wa mabafu, umeamkaje?"

"Salama. Wanaokoroma kwenu ni wangapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Uliza. Wapeni vyumba vya mwisho, karibu na pampu. Pampu inakoroma kuwashinda."

"Kimya, unapenda nikupigie kwa sababu unapenda sauti yangu. Kubali."

"Naipenda zaidi ikinyamaza."

"Aa! Kumbe una meno!"

Kila Alhamisi alikuja mwenyewe, na kila mara ana sababu: kupima uwanja, kuhesabu magodoro, kuhesabu tena magodoro yaleyale. Alhamisi ya tatu alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akamwambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Magodoro nayajua yote sasa. Nimekuja kukuona wewe." Kimya alitazama ndoo. Alifurahi mpaka akaogopa.

"Umemwambia?" mama mdogo alimuuliza jioni ile. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na ndiye aliyempatia Kimya kazi.

"Nimwambie nini?"

"Haya. Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Mimi simo."

Ijumaa walifika, na mabafu yakafanya kazi yake. Kufikia Jumamosi asubuhi watu waliokuwa hawasalimiani walikuwa wakigongeana milango, "Toka basi na wewe, unaoga au unazaliwa upya?" Sifa zote zilimwendea Katibu, naye akakataa kuzibeba peke yake. Saa nne, wote wakiwa uwanjani, alimfuata Kimya kwenye kamba ya nguo.

"Vua aproni. Njoo ucheze na sisi."

"Mimi? Nina mashuka."

"Mashuka hayana miguu, hayaendi popote. Nataka chama kizima kikujue."

Akavua aproni. Alibaki na gauni la kazi la kijivu, kola nyeupe, na ndala. Katibu akamweka kwenye mstari karibu naye na kutangaza, "Huyu ndiye aliyepanga kila kitu!" Wakampigia makofi. Masikio yakamwaka moto.

Mchezo ulikuwa rahisi. Wote wanasimama mstari mmoja, wameshikana mikono. Mwenyekiti, binti mrefu wa miwani mwenye sauti kama kengele, anasoma maswali aliyoyaandika Katibu. Likikuhusu, unasonga hatua moja mbele. Lisipokuhusu, unabaki.

"Kama umewahi kulala na njaa, hatua moja."

Kimya alisonga. Katibu naye. Wakatazamana.

"Kama umewahi kumkosea mwenzako aliyepo hapa, ukaona haya kumwomba radhi."

Karibu wote walisonga, wakacheka, wawili wakakumbatiana huku wanalia. Kimya aliubana mkono wa Katibu. Siku ilikuwa nzuri.

"Sasa la kuwachangamsha, msilale! Kama ulimaliza shule ya msingi, hatua moja!"

Mstari mzima ulisonga. Mkono wa Katibu uliuvuta wake, ukanyooka, ukaachia.

Akabaki peke yake kwenye majani yaliyokanyagwa, migongo arobaini na zaidi mbele yake. Kisha migongo ikageuka ikawa nyuso.

"Dada hajasikia," mmoja alisema, akicheka bila ubaya. "Songa dada!"

Mwenyekiti akarudia swali, taratibu na kwa sauti kubwa, kama unavyomsemesha kiziwi. Kimya aliinua mguu. Uongo mwingine mmoja tu, na yangekwisha. Lakini kwenye mlango wa ukumbi wa chakula mama mdogo alikuwa amesimama na sinia la vikombe, yeye aliyemvua sare ya shule kwa mikono yake na kuikunja. Mbele ya macho yale hakuweza. Akaurudisha mguu chini.

Hapo kila mtu akaelewa. Kicheko kikakatika katikati. Katibu alimtazama, akatazama watu, akatazama ardhi.

"Tuendelee," alisema haraka. "Mwenyekiti, soma linalofuata."

Kimya hakulisikia. Alikuwa ameshafika kwenye mashuka, uso ameuzika ndani ya shuka bichi, anatamani sabuni ingeweza kumfua naye akatoka mpya.

Siku tisa hakupokea simu.

"Kitu hicho kinalia kama mtoto mchanga," mama mdogo alisema. "Mnyonyeshe au mzime."

"Ananipigia anionee huruma."

"Amekwambia?"

"Alitazama chini, mama mdogo. Aliona haya kusimama na mimi."

Mama mdogo akakoroga sufuria.

Siku ya kumi, mchana, Kimya alikuwa chumba cha kufulia na mlima wa mashuka makavu. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Alikuwa ameshika ncha mbili kwa mikono na ya tatu kwa kidevu. Ncha ya nne ikainuka kutoka sakafuni. Katibu alikuwa ameishika. Amekonda kidogo, shati halikupigwa pasi.

"Achia," Kimya alisema.

"Nifukuze tukishamaliza kukunja."

Kimya alisita. Kisha kazi ikaishinda hasira. "Vuta. Siyo hivyo, utalipasua! Kunja kwako kwanza."

Akakunja.

"Lile swali niliandika mimi," Katibu alisema. "Niliandika nikidhani ni la kila mtu kupita. Sikujiuliza hata kidogo. Nilikutoa kwenye kazi yako nikakusimamisha pale, halafu nikakuacha."

"Ulitazama chini."

"Ndiyo."

"Ulinionea haya?"

Shuka lilikuwa limenyooka kati yao. Katibu alimtazama usoni.

"Kidogo. Watu walikuwa wanatazama. Dakika moja, labda pungufu. Kisha nikajionea haya mimi mwenyewe, na hiyo haijaisha mpaka leo. Ningeweza kusema sikukuonea haya, lakini utajua naongopa."

Jibu lile lilimuuma Kimya, na bado lilimpoza. Hakuna aliyewahi kumpa ukweli mbaya kwa upole namna ile.

"Na mimi nilikudanganya," alisema. "Chuo sikisubiri. Ningekwambia siku ile ya karatasi, ungerudi?"

"Ningependa kusema ndiyo." Akavuta upande wake. "Lakini leo najua unayoyajua na usiyoyajua, na nimerudi. Hilo nina hakika nalo."

Wakasogeleana kuunganisha ncha, kama shuka linavyotaka. Vidole vikakutana. Shuka likawa limeshakunjwa, na hakuna aliyerudi nyuma.

"Nataka kuja kwenu kwa adabu, mpenzi wangu, nijitambulishe," alinong'ona. "Sijui nimwambie nini mama yako mdogo."

"Niambie tu, nipo hapa," sauti ilisema nyuma ya mlango.

Katibu aliruka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Mama mdogo aliingia akijifuta mikono, hana dalili ya kuomba radhi kwa kusikiliza. "Nisikilize, kijana. Huyu nimemlea mimi. Na mambo ya shule usije ukamnyanyasa nayo, wala usitulaumu sisi. Mama yake alipona. Nilimuuliza mtoto kwa mdomo wangu kama anataka kurudi. Akasema shule hana haja nayo. Aliikataa mwenyewe, hatukumnyima."

Kimya alikuwa ameisikia hadithi hiyo miaka yote, ikisimuliwa kwa ndugu na kwa majirani, naye akiinamisha kichwa kuikubali. Safari hii aliweka shuka juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja, akainua uso.

"Sikuikataa, mama mdogo," alisema. "Wenzangu walikuwa wamenipita madarasa mawili. Niliona haya kukaa na watoto wadogo, nikasema sina haja. Nilitaka kurudi. Bado nataka."