Kiti cha Bibi na Vidole vya Mafundi

Sikudhani aliishi katika mtaa wa mafundi. Kutwa nzima mtaa uliimba. Ko-ko-ko! Cha-cha-cha!

Aliishi na bibi yake, Bibi Mwanahawa. Bibi alipenda sana ngoma. Lakini miguu yake ilikuwa imegoma kutembea.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia Sikudhani, "Ijumaa shangazi yako anaolewa. Mimi nitafikaje harusini?"

Mafundi wakasikia. "Tutakutengenezea kiti cha magurudumu!" wakasema.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa hodari sana. Kila mtu alijua hivyo, maana wenyewe walisema kila siku.

Fundi Shomari alitengeneza magurudumu. Alipima tundu la gurudumu kwa kidole gumba chake, kinene kama muhogo.

"Shikamoo, Fundi. Hupimi kwa rula?" aliuliza Sikudhani.

"Marahaba. Rula ya nini? Kidole changu hakikosei!"

Fundi Mwasiti alitengeneza boliti. Alipima kwa kidole chake cha shahada, chembamba, chenye hina.

"Kidole changu hakikosei!" akasema.

Fundi Ndege alitengeneza nati za kukaza boliti. Alipima kwa kidole chake cha mwisho. Asubuhi ile kidole hicho kilikuwa kimeumwa na nyuki. Kilivimba tii!

"Kidole changu hakikosei," akasema, huku akikipuliza. Fuu, fuu.

Alhamisi asubuhi, kiti kikawa tayari. Kilipakwa rangi ya kijani. Kiling'aa!

Boliti ikaingia kwenye tundu. Ikacheza-cheza. Kwala-kwala-kwala.

Nati ikaingia kwenye boliti. Ikapita moja kwa moja, ikaanguka. Ti! Tiriririii...

"Iko sawa kabisa," wakasema mafundi. "Karibu, Bibi, ukae!"

Bibi akakaa. Gurudumu moja likachomoka. Likaenda zake mpaka dukani. Puu! Bibi akawa chini.

"Kiti kizuri," Bibi akasema kutoka pale chini. "Ila mkeka wangu nao uko chini, tena ni laini."

"Tundu lako kubwa!" Fundi Mwasiti akamwambia Fundi Shomari.

"Boliti yako nyembamba!"

"Nati yangu haina kosa!" akasema Fundi Ndege.

Wakaitisha kikao. Wakakubaliana kutumia kidole kimoja tu. Hapo hapakuwa na ugomvi.

"Kidole cha nani?" akauliza Sikudhani.

"Changu!" "Changu!" "Changu!"

Kikao kikaendelea. Kahawa ikaisha. Kiti kikabaki kimelala ubavu.

Sikudhani akakaa karibu na Bibi. Machozi yakamlengalenga. Harusi ilikuwa kesho, na Bibi alikuwa ameshaanika khanga zake mpya.

Mara, puta-puta-puta! Pikipiki ikaja, ikasimama. Juu yake alikuwa mama mmoja muuza vitambaa, jina lake Nyanzala.

"Hodi, mafundi! Nati ya pikipiki yangu imedondoka njiani."

Fundi Ndege akampa nati yake. Ikapita, ikaanguka. Ti! Akampa nyingine. Ti! Nayo ikaanguka.

"Pikipiki yako ina kasoro," akasema Fundi Ndege.

Mama Nyanzala akakumbuka nati na boliti zake za akiba, akapekua mkoba wake. Akatoa nati ndogo, akaizungusha. Trrrr... kah! Ikakaza.

Sikudhani akafuta machozi. "Mama, pikipiki hii imetoka wapi?"

"Ng'ambo, mwanangu. Imekuja kwa meli."

"Na hiyo nati?"

"Nimeinunua sokoni. Imetengenezwa nchi nyingine kabisa."

"Waliovitengeneza ni ndugu?"

Mama Nyanzala akacheka. "Hawajaonana hata siku moja!"

"Sasa mbona vinaingiana?"

"Watu wa nchi nyingi waliketi, wakakubaliana kipimo kimoja. Nati namba kumi ni namba kumi, huku na kule."

"Walichagua kidole cha nani?" akauliza Fundi Shomari.

"Hawakuchagua kidole cha mtu."

Mafundi wakavitazama vidole vyao. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

Sikudhani akasimama katikati yao. "Jamani, na sisi tufanye namba kumi! Tundu namba kumi. Boliti namba kumi. Nati namba kumi. Bibi yangu anataka kwenda harusini!"

Mafundi wakatazamana. Kisha wakamtazama Bibi.

Fundi Shomari akaichukua rula yake. Mwaka mzima ilikuwa kazini, ikizuia mlango usifungwe na upepo. Mama Nyanzala akawaazima boliti moja na nati moja za kuigia.

Ko-ko-ko! Cha-cha-cha! Wakapima. Wakakata. Wakapima tena.

Trrrr... kah! Boliti ikakaza. Trrrr... kah! Na ya pili ikakaza.

Bibi akakaa. Kiti kikatulia. Bibi akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma. Kiti kikatulia tu!

Ijumaa Bibi alifika harusini kabla ya bibi harusi. Ngoma ilipolia, alizunguka na kiti chake. Zungu-zungu-zungu! Akina mama wakapiga vigelegele.

Jua likazama. Watu wakaanza kuaga. Bibi alikuwa bado anazunguka, hakuna aliyeweza kumkamata.

Sikudhani alichoka. Akapanda mapajani kwa Bibi, akajifunika ncha ya khanga.

Mafundi wakawasukuma kurudi nyumbani, polepole.

"Namba kumi lilikuwa wazo langu," akasema Fundi Shomari.

"Langu!" akasema Fundi Mwasiti.

"Langu mimi!" akasema Fundi Ndege.

"Shhh," akasema Bibi. "Mtoto amelala."