Kutu ya Kweli

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, kaeni karibu na magoti yangu. Anayetafuna amalize kutafuna, mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii haitaki kelele.

Palikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, mikono yake myepesi kuliko ulimi wangu. Siku moja saa nane mchana, jua limewaka mpaka kuku wamejificha chini ya ngazi, alichomeka pasi anyooshe kola ya shati la mteja. Taa ya pasi ikawaka. Akangoja, akaipitisha kwenye kola, kola ikabaki na mikunjo yake. Akalamba kidole akaigusa chini, kama tufanyavyo. Haikulia. Ilikuwa baridi kama sakafu ya alfajiri.

"Umeme huu nao," akasema, akachomoa.

Umeme wa watu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa chumba cha pili, limevaa miwani, limeshika brashi.

Nalo lilikuwa mumewe. Maisha yake yote alitengeneza meno ya bandia, na alipostaafu akaanza kuunda vifaru vya vita vya plastiki, vile vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Mtaani wakamwita Jenerali. Hakuwahi kurusha hata jiwe la manati, lakini akiitwa hivyo alinyoosha mabega. Kuna watu wa hivyo: unawakejeli, wanakushukuru.

Kifaru chenyewe kilikuwa na urefu wa mkate. Miezi minne alikigandisha kwa gundi, gurudumu kwa gurudumu, mnyororo pete kwa pete, akakipaka kijani safi, kikapendeza. Halafu, msicheke, akaanza kukichafua. Akakipaka chokaa, eti ndivyo walivyovificha vifaru vitani wakati wa theluji. Chokaa ikishakauka, akaichubua. Akachora michirizi ya mafuta, akapaka matope. Mwanamume mzima, mkewe anafua kila uchao, yeye anashinda akitengeneza uchafu kwa brashi ya nywele tatu. Na wapi? Juu ya meza ya kulia chakula. Wenye nyumba wakawa wanakula wamepakata sahani. Kikishachafuka vya kutosha kingesimama kwenye uwanja wa theluji juu ya ubao, kiende maonyesho ya Jumamosi, Jenerali apewe kombe. Theluji hakuwahi kuiona ila kwenye kalenda.

Ikabaki kutu. Wenzake hununua kutu ya unga, imo kwenye vichupa. Jenerali akainua pua.

"Hiyo ni poda ya maharusi," alimwambia shemeji yake, ndugu wa mkewe, mchomeleaji wa vyuma. "Majaji wana macho. Mimi nitaweka kutu ya kweli, ya kifaru cha kweli."

"Kile kilichoachwa nyuma ya maghala ya reli?"

"Unakijua kingine?"

"Shemeji, kile kiache. Watu wa vyuma chakavu walituita tukikate. Kila aliyewasha gesi, mwali ulimfia mkononi, kama mtu kaunyonya. Tulikuwa sita. Hakuna aliyegeuka nyuma."

"Wanaume sita mnakimbia bati."

"Hatukukimbia bati. Tulimkimbia aliyemo."

Jenerali alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kesho yake alikwenda na kikwangulio chake cha meno, akapanda juu ya lile gofu la chuma, akakwangua kutu kwenye mdomo wa kifuniko, hapo askari walipopita kuingia. Akajaza kichupa cha dawa, akarudi anapiga mluzi. Kutu ile akaichanganya na spiriti, akakipaka kifaru chake mpaka ndani. Kisha akasaga plasta nyeupe iliyobaki katika kazi yake ya meno, akaimwaga, akakizika kifaru hadi magurudumu. Hiyo ndiyo theluji.

Siku hiyo hiyo pasi ikakataa.

Kufikia Jumanne jiko nalo likawa linawaka bure. Mwali wa buluu, sufuria juu yake, maji yametulia kama ya mtungini. Nyumba ikanuka dizeli na chuma kilicholowa. Mke akavaa sweta adhuhuri, Jumatano akavaa mbili. Alhamisi sindano ikamdondoka, akainama kuiokota, vidole vikakataa kukunjika. Akavitazama vimegeuka rangi ya majivu.

"Mume wangu," alisema polepole, "kuna mtu anagonga humo."

Kweli kulikuwa na kugonga. Ko, ko, ko, kudogo, kama mtu aliyefunikiwa chini ya sufuria na amechoka.

"Ni plastiki inakauka," akajibu Jenerali bila kuinua kichwa. "Na wewe acha kumwagia maji theluji yangu. Tazama."

Kukizunguka kifaru, plasta ilikuwa imelowa. Imeyeyuka, wajukuu zangu, plasta, mpaka ubao ukaonekana. Mke hakuwa ameigusa. Jenerali akaguna, akasaga plasta nyingine, akapepeta safu mpya kwa chujio la chai, na kila alipopepeta, mkewe kule kwenye cherehani akatetemeka, meno yanagongana, kugongana kwake na kugonga kule kukawa kunajibizana, na yule mwenye kazi ya meno miaka arobaini hakusikia meno ya mkewe.

Ijumaa yule shemeji mchomeleaji alimkuta dada yake kajikunja sakafuni, midomo imekauka, pumzi inatoka kidogo kidogo. Akamkimbilia mganga, mama mmoja muuza vifungo na zipu ambaye mafundi cherehani wote walimjua. Mganga aliingia, akanusa, akaenda moja kwa moja mezani.

"Kutu hii umeitoa wapi, baba?"

"Kwenye chuma."

"Chuma cha nani?"

Jenerali akachovya brashi. Shemeji akajibu kwa niaba yake, sauti chini.

Mganga akatikisa kichwa. "Jini ni kiumbe wa moto. Wewe umekwangua kizingiti cha nyumba yake, kwa kutu hiyo umelijengea nyumba nyingine, halafu umeizika kwenye barafu. Linaganda humo. Linavuta joto popote lilipo."

"Hii si barafu, mama. Ni plasta. Haina baridi."

"Miezi minne umehangaika ifanane. Hongera, imefanana. Limeamini."

Nawaambia ukweli: mjinga yule alitabasamu. Mkewe yuko sakafuni, naye kasifiwa.

"Osha hiyo theluji yote," mganga akasema, "ukirudishe kifaru na kutu yake kule, kabla jua halijazama. Leo."

"Jumapili. Kesho kuna maonyesho."

"Huyu hafiki Jumapili."

"Mpeni blanketi," akasema Jenerali, akachukua chujio.

Shemeji alimbeba dada yake mgongoni, akamtoa, akamlaza juani ukutani. Hapo ndipo vidole vilipoanza kurudi, kimoja kimoja, na maumivu yake. Kitu cha kwanza alichofanya, maskini, ni kujivuta hadi dirishani.

"Toka, mume wangu. Mimi ndiye jini lililokuwa likiniota kama moto. Sasa umebaki peke yako."

"Nimalizie kifuniko tu," akajibu kutoka ndani.

Jini lilianza na mke kwa sababu ndiye aliyekuwa na joto. Kwa Jenerali hapakuwa na kitu cha kutamani. Lakini mwenye baridi hachagui jiko. Mwanamke akiwa dirishani aliona kifuniko kidogo kilichogandishwa kwa gundi kikiinuka chenyewe, taratibu, kama mtu anayechungulia kama adui ameondoka, na Jenerali akainama karibu zaidi, si kwa hofu bali kwa hasira, akakibonyeza kwa ncha ya brashi kirudi, nacho kikakataa, akabonyeza tena, na pumzi yake ikaanza kuonekana, nyeupe, katika chumba ambacho nje yake watu walikuwa wanajipepea kwa magazeti, na ile pumzi haikupanda juu kama pumzi za watu, ilishuka, ikanyooka kama uzi, ikaingia ndani ya kile kishimo, ikaendelea kuingia, na kuingia, mpaka uzi ukakatika.

Walimkuta ameketi wima. Masharubu yamejaa umande mweupe. Brashi haikutoka mkononi, wakamzika nayo.

Mganga aliosha ubao kwa mikono yake, akakifunga kifaru kwenye kitambaa, akaenda kukiweka ndani ya lile gofu kabla jua halijazama.

Baada ya hapo mambo yakagawanywa. Mjane alirithi nyumba na meza. Aliisugua kwa mchanga siku mbili, sasa anakatia vitambaa juu yake na kula hapo hapo, miguu kainyoosha. Ndugu yake alirithi vikwangulio, hakuvitaka, akavitupa. Wenzake wa maonyesho walirithi ubao mtupu, wakautazama sana, kisha wakaupa nafasi ya tatu.

Na jini likarithi fundi. Watu wa vyuma chakavu wanasema ukipita nyuma ya maghala mchana, kuna mtu humo ndani anapaka rangi, anachubua, anapaka tena, akilalamika kwa sauti ndogo kwamba bado haijafanana.