Doa na Sumu ya Panya

Kila siku akitoka chuo cha Kurani, Muzdalifa alipeleka ukoko wa wali kwenye konde la nyuma ya nyumba yao, Paje, ambako mbwa wao Doa alilinda muhogo usiliwe na kima. Mama yake alikuwa Maskati kikazi. Bibi yake, Bi Mwatum, alishinda pwani kwenye mwani. Watoto wenzake hawakutaka kucheza naye, eti ananuka mbwa. Basi alikaa kondeni akizungumza na Doa, maana hakuwa na mwingine, na upweke ulimuuma kweli.

Amri ya Bibi ilikuwa moja: mbwa asiingie uani. Lakini siku hiyo nyumba ilikuwa kimya mno, na Muzdalifa akamwingiza Doa. Alikwenda kuteka maji. Aliporudi, alimkuta Doa anajilamba. Kifuu alichokiweka Bibi kwenye banda la uani la kamba za mwani kilikuwa kitupu. Asubuhi ndani yake mlikuwa na sumu ya panya iliyochanganywa na dagaa.

Salhiya, mtoto wa jirani, alimsikia Muzdalifa akilia kwamba Doa kala sumu, akachungulia mlangoni asithubutu kuingia.

"Mpe tui la nazi," alisema. "Tui huvunja sumu, kila mtu anajua. Na kwani ana nini? Si huyo anatikisa mkia! Nyamaza tu, bibi yako hatajua."

Salhiya akaenda zake. Muzdalifa akachukua mbuzi ya kukunia nazi, kisha akamtazama Doa. Kweli, alionekana mzima. Lakini Doa akifa, yeye atazungumza na nani? Aliiacha nazi, akakimbia pwani huku analia.

"Bibi, nimekosa. Nimemwingiza Doa uani, kala sumu ya panya."

"Nshakwambia mara ngapi, Muzdalifa!" Bi Mwatum alifoka, akatoka majini. "Umempa kitu?"

"Bado. Nilitaka kumpa tui."

Bibi alimpigia simu Daktari Nadhira, daktari wa mifugo. "Msimpe tui wala maziwa," daktari alisema, "na msimtapishe wenyewe. Mleteni sasa hivi, pamoja na pakiti ya sumu."

Walirudi mbio nyumbani. Bi Mwatum hakuwahi kumgusa mbwa maishani mwake, kwa kuogopa najisi. Alimnyanyua Doa, mate yakimchirizika kangani, akampakia kwenye kirikuu, gari dogo la mchukuzi wa mwani.

"Shikamoo, Daktari," Muzdalifa alisema walipofika, akimpa pakiti ya sumu.

"Marahaba. Mmewahi. Sumu hii huzuia damu kuganda. Mbwa huonekana mzima siku kadhaa, kisha huvuja damu kwa ndani. Mngengoja augue, mngechelewa." Akamtapisha Doa kwa dawa, akawapa na vidonge vya kumpa nyumbani.

Waliporudi, Bibi aliosha mikono na kanga mara saba, moja kwa udongo, Muzdalifa akimmiminia maji.

"Bibi, umepata najisi kwa ajili yangu."

"Najisi huoshwa, mwanangu. Roho ikitoka hairudi. Na mimi nimekosa, sumu haiwekwi mahali mnyama anapofika. Lakini ungenyamaza, tungemzika Doa. Ukikosea, sema mapema." Akaikamua kanga. "Na upweke nao useme. Mimi nlidhani ushazoea."

"Sijazoea, Bibi."

Bi Mwatum alimvuta akamkumbatia kwa nguvu, ingawa mikono ya Muzdalifa iliyomshika Doa ilikuwa bado haijaoshwa.