Saruji Kwenye Kisima Namba Tatu

Saa moja na nusu asubuhi mpima maji alifungua kufuli la kisima namba tatu mbele ya mkaguzi aliyetumwa na wizara, akainua kifuniko, na wote wawili wakakuta saruji.

Kisima chenyewe kilikuwa bomba tu, la kuingia ngumi, lililozamishwa ardhini chini ya kilima. Kilima hicho zamani kilikuwa shimo la makaa ya mawe. Mgodi ulipofungwa, shimo lilifukiwa kwa mabaki yake, likafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, zikapandwa nyasi. Visima vya kupimia vilichimbwa ili kujua kama maji yanayopita kwenye mabaki yanatoka na sumu. Namba moja kilikuwa upande wa juu, ambako maji hayajagusa kitu. Namba tatu kilikuwa chini, hatua chache kutoka kijito kinachonywewa na nyumba zote za bondeni.

Kwa miaka miwili majibu ya namba tatu yalikuwa safi. Hata hivyo kingo za kijito zilikuwa nyekundu kama bati bovu, na watoto wa fundi cherehani waliumwa matumbo kila mara. Siku ile mkaguzi angechota maji kwa mkono wake. Yakionekana mabaya, kijito kingefungwa na mgodi ungelazimika kuwapelekea watu maji mengine. Sasa hapakuwa na cha kuchota.

Inspekta wa polisi alifika saa tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa kusema, asiyekunywa chai ya mtu kabla hajajua mtu huyo alikuwa wapi jana. Alilitazama kufuli kwanza. Lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Aliyeziba kisima alifungua kwa ufunguo, akamimina saruji yake, akafunga vizuri na kwenda zake.

Aliyetajwa kwanza alikuwa mfugaji. Alionekana jioni ya jana yake karibu na kisima, na kucha zake zilikuwa na saruji. Kwa watu wengi kesi ilikuwa imekwisha hapo. Mfugaji hakukana kupita wala hakuficha mikono.

"Afande, mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka mkaguzi akaletwa," alisema. "Ng'ombe wangu wawili wametupa mimba kwa maji yale. Nizibe kisima ninachotaka kipimwe, nimerukwa na akili?"

Saruji, alieleza, ilikuwa ya birika la kunyweshea mifugo. Inspekta akaenda kulikuta birika, likiwa limezibwa ufa, bado bichi. Na ufunguo hakuwa nao.

Meneja wa mgodi alikuwa nao. Alikuwa pia na sababu: cheti cha kuufunga mgodi moja kwa moja kilisubiri majibu ya kisima hicho, na katibu wake alimsikia akisema laiti kisingechimbwa. Meneja alitoa maneno mengi ya kujikosha. Inspekta alimwacha ayamalize, kisha akamwomba ateremke naye wakajaribu ufunguo wake. Haukuzunguka. Aliusukuma, akauchezesha, jasho likamtoka. Kufuli lilikuwa limebadilishwa mwaka uliopita baada ya lile la zamani kushika kutu, na meneja hakuwa na habari, kwa kuwa tangu siku hiyo hakuwahi kuteremka kisimani. Uvivu wake ndio uliomwokoa, na aliona aibu kuushukuru.

Ufunguo mpya ulikuwa mmoja, wa mpima maji. Watu wote walimwita Chupa, kwa sababu ya kreti ya chupa za maabara aliyoibeba kila mahali. Alikuwa mpole, nadhifu, na alijibu kila alichoulizwa. Alisema ufunguo huuning'iniza msumarini ofisini, yeyote angeweza kuuchukua. Inspekta hakubishana naye. Alimwomba tu amweleze kazi yake inavyofanywa, na Chupa akaeleza kwa raha: kabla ya kujaza chupa, lazima upampu nje maji yaliyolala kwenye bomba, madumu kadhaa, mpaka maji mapya yaingie. Yale ya kwanza unayamwaga pembeni, nyasini. Yeye hufanya hivyo kila mwezi, kila kisima.

Baadaye mkaguzi alimweleza Inspekta jambo jingine. Maji yaliyopita kwenye mabaki ya makaa hutoka ardhini meupe kabisa, lakini yakipigwa na hewa hugeuka rangi ya kutu. Ndiyo maana kingo za kijito zilikuwa nyekundu. Inspekta akarudi namba tatu akainama. Nyasi kuzunguka bomba zilikuwa kijani, hazina doa. Akapanda hadi namba moja. Pale palikuwa na tope la kudumu, kama mlangoni mwa bafu.

Kutoka hapo aliteremka bondeni akiomba maji ya kunywa, kama mpita njia yeyote. Kwa mke wa fundi cherehani alipewa kikombe chenye ladha ya msumari. Nyumba ya pili ilikuwa ya shangazi yake Chupa, aliyemlea tangu utotoni. Maji yake yalikuwa matamu, kutoka dumu lililokaa uvunguni.

"Ananiletea mwanangu kila Jumamosi, kutoka kisima cha juu," shangazi alisema kwa majivuno. "Anasema tumbo langu bovu, halitawezana na kijito."

"Na majirani?"

"Wao aliwaambia ni safi. Matumbo yao mazima." Alicheka, kisha kicheko kikakatika.

Siku iliyofuata mafundi walichokoa saruji. Haikuwa imeshuka mbali, ilikaa juu ya magunia yaliyosokomezwa. Mkaguzi akapampu, na Inspekta akaweka jagi moja la kioo kwenye meza ya meneja. Aliwaita Chupa, meneja, mfugaji na shangazi. Maji yalikuwa meupe.

"Hayo yametoka namba tatu," alimwambia Chupa. "Safi?"

"Si unayaona, afande."

Inspekta alilisogeza jagi katikati ya meza. Aliongea taratibu, bila kupandisha sauti, kuhusu nyasi zisizo na doa pale ambapo kila mwezi humwagwa maji ya kutu, kuhusu tope la namba moja, kuhusu kufuli lenye ufunguo mmoja. Zile chupa zilizoandikwa namba tatu zilijazwa kule juu, namba moja, na saruji ilikuja pale mtu mwingine alipotaka kuchota. Msumari wa ofisini ungemfaa mwizi yeyote, alisema, lakini anayejua kwamba kijito kina sumu na bado anasema ni safi ni yule anayempelekea shangazi yake dumu. Muda wote huo maji mezani yalikuwa yakibadilika, kwanza kama yametiwa vumbi, kisha manjano, kisha kutu. Hakuna aliyeondoa macho pale.

Chupa alikiri. Kabla ya kupewa kazi ya maji, alisema, alikuwa msimamizi wa kufunika kilima. Udongo wa mfinyanzi ulimwishia kabla ya kona ya chini na mvua zilikuwa zinakuja, basi akafunika kwa udongo wa kawaida, akasema kazi imekwisha. Majibu ya kwanza ya namba tatu yalipotoka alijua yanatokea kona ipi. Aliogopa kosa lake kujulikana, na kila mwezi uliopita uliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kusema. Mfugaji alisimama, akakaa tena.

Askari walipomtoa, Chupa aligeuka mlangoni.

"Shangazi, dumu limebaki uvunguni. Unywe hilo, usiguse ya kijito."

"Dumu nimelipeleka kwa fundi cherehani tangu asubuhi," shangazi alisema.

"Sasa wewe umekunywa nini?"

Shangazi aliivuta kanga mabegani, akalitazama jagi.

"Walichokunywa wenzangu."