Milango Miwili ya Dobi

Jumamosi ya mpira, mji mzima wa Alice Springs, katikati ya Australia, ulihamia uwanjani, na nusu yake ilikuwa kwenye foleni ya pai za nyama. Mwaka ule wa sabini na tisa Coralie alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na viatu ambavyo havijawahi kuonja vumbi jekundu. Akajipenyeza katikati ya foleni bila kujua.

"Dada, mwisho wa foleni uko kule nyuma," sauti ikasema. "Kulekule Adelaide."

Akageuka. Kijana mrefu, shati la vifungo vya lulu, kofia ya wachunga ng'ombe iliyotoboka ukingoni.

"Nani kakwambia natoka Adelaide?"

"Viatu."

Akacheka bila kupenda. Huyo ndiye Rex. Walikula pai mbilimbili, na timu iliyoshinda hawakuijua.

Coralie alikuwa mtoto wa hapahapa, wa wenyeji wa asili, ila serikali ilimtoa mikononi mwa mama yake akiwa na miaka mitano, kama ilivyowatoa watoto wetu wengi, akalelewa kusini, Adelaide, na Wazungu. Aliporudi mtu mzima, mama yake, Eileen, alimtambua kwa kovu la kidevuni. Wote wawili walifanya kazi kwenye dobi kubwa lililofua shuka za mahoteli: Eileen pamoja nasi kwenye meza ya kukunjia, Coralie msimamizi, kwa sababu ya mwandiko wake. Baada ya mwezi Rex naye akaacha ng'ombe, akaja kushika mashine. Sisi wa mezani tulijua ng'ombe hawakumkosea lolote.

Ah, siku zile! Mvuke, harufu ya sabuni, na Rex akisukuma toroli.

"Bosi, leo umependeza mpaka mashine zinagoma."

"Fua, Rex."

"Nafua, mpenzi, nafua."

Kisha, wiki moja ya baridi kali, mambo yakageuka. Eileen akiingia, Rex anatoka. Eileen akisogea, Rex anampa mgongo na kuiacha mashine ikilia peke yake. Shuka zikarundikana. Bwana Prentice, meneja, Mzungu mwenye haraka, akamwita Coralie.

"Mtu wako hataki kukaa chumba kimoja na yule mama. Ijumaa nataka barua ya kumfukuza huyo kijana, na sahihi iwe yako."

Jioni hiyo simu ikalia ofisini. Rex alikuwa kwenye kibanda cha simu pale posta.

"Mpenzi wangu, umekula?"

"Usiniite mpenzi. Mama yangu kakukosea nini? Kesho umsalimie. Umtazame usoni, mbele ya watu wote!"

"Unataka nimtazame," Rex akasema polepole. "Kweli ndivyo unavyotaka?"

"Ndivyo."

"Basi nimekuelewa, Coralie."

Simu ikakatika. Kesho yake hakuja kazini.

Eileen alimkuta binti yake uani, uso ameuficha kwenye blanketi lililoanikwa.

"Ni yule mtu anayekuliza?" Hakumtaja jina.

"Anakudharau, mama."

Eileen akaachia vibanio vya nguo vikaanguka. "Ananidharau? Mwanangu, mwanamume wa kwetu hamtazami mama wa msichana anayetaka kumuoa. Hasemi naye, wala hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima yenyewe. Mimi hujaniona najifunika kitambaa akipita? Yule kakuposa mbele ya dobi zima!"

"Na mimi nimemwambia akutazame."

"Yuu! Umemwambia humtaki."

"Kwa nini hukunifundisha, mama?"

Eileen alivizoa vibanio kimoja kimoja kabla ya kujibu. "Sikutaka ujione mgeni kwenu."

Ijumaa asubuhi Coralie aliingia kwa Bwana Prentice na karatasi moja.

"Hiyo ndiyo barua?"

"Ni mpangilio mpya wa kazi. Mama na meza, upande wa mashariki, na mlango wake. Rex na mashine, upande wa magharibi, na wake. Katikati tupange makabati ya shuka mpaka darini."

"Hili ni dobi, siyo kanisa."

"Mwaka huu watu wetu saba wameacha kazi kimyakimya. Uliwahi kuwauliza kwa nini? Hata mimi sikuuliza, na mimi ni mmoja wao. Shuka zikichelewa siku moja, nifukuze mimi."

Prentice akajikuna shingo. "Mwezi mmoja."

Coralie akaibandika karatasi ubaoni mwenyewe. Adhuhuri Rex akaja kuchukua kofia yake. Alisoma ubao kwa kidole, mstari kwa mstari, nasi tukaacha kukunja. Kisha akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Coralie akajiachia kitini kama gunia.

Simu ikalia.

"Dobi hapa."

"Nimesoma ubao."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nani kakufundisha?"

"Mtu wa mlango wa mashariki."

Rex akacheka, kicheko tulichokisikia mpaka mezani. "Kesho kuna mpira. Foleni ya pai inaanzia wapi, mke wangu?"

"Kwangu," Coralie akasema, machozi yakimtoka. "Safari hii inaanzia kwangu."

Dobi lilishabomolewa, pale sasa wanaegesha magari. Lakini miaka ishirini na sita, kila baridi, Eileen alikuta kuni mlangoni, zimepasuliwa ndogondogo, saizi ya mkono wa mzee. Na Rex kila mara alikuta mashati yake juu ya uzio, yamekunjwa kidobi, vifungo vya lulu vyote vipo. Neno moja hawakuwahi kusemezana.