Magunia Matano ya Qiaolan

Kila asubuhi kabla ya shule, Qiaolan alikunywa uji wa mtama, akavaa mabuti na kwenda bombani kuosha chembe za mpira. Zilitoka kwenye matairi makuukuu yaliyosagwa, nazo zilichanganywa na zege la barabara mpya ya kijiji cha Shitun. Kila nyumba ilitoa mtu wa kazi. Baba yake alikuwa kiwandani mbali, nyanya yake mgonjwa wa kifua, basi zamu ikamwangukia yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Osha mpaka maji yatoke safi," Babu Luo, mchanganyaji zege, alimwambia. "Mpira wenye vumbi haushikani na saruji."

Maji ya mwezi wa kumi na moja yaliuma vidole. Siku ya mwisho yalibaki magunia matano. Qiaolan aliyamwagia maji juu juu tu, akayafunga, akakimbilia nyumbani kuota moto.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha, na kipande cha barabara mbele ya shule kikaanza kumeguka. Ukikisugua kwa kiatu, chembe nyeusi zinang'oka. Watu walikusanyika wamenuna, Qiaolan akiwa miongoni mwao.

"Luo kauza saruji yetu!" akafoka Bibi Tao wa dukani. "Si yeye mwenye ufunguo wa stoo? Mzee mzima, huoni haya?"

"Sijagusa hata kilo moja," alisema Babu Luo. Watu walimpa mgongo. Kesho yake mtu alimwaga takataka mlangoni pake, na siku iliyofuata mzee akaanza kufunga virago ahamie kwa binti yake.

Qiaolan alimwona akifunga koleo lake kwa kamba. Roho ilimuuma kweli kweli. Akakimbia dukani kwa Bibi Tao, kulikojaa watu.

"Ni mimi," alisema akilia. "Magunia matano sikuyaosha."

Bibi Tao akatazama chini.

Kipande kile kilivunjwa. Qiaolan alianza kuosha magunia mengine matano, Bibi Tao akimchotea maji. Babu Luo alirudi kazini, lakini hakupiga tena soga na mtu. Gunia la kwanza lilipokwisha, alikinga maji kwa kiganja. Yalikuwa safi.

"Barabara tutaimwaga upya," alisema. "Jina langu sijui litasafishwa na nani. Mjukuu wangu, kosa ukilisema mapema halimwangukii mwingine. Siku zile mbili ulizonyamaza ndizo zilizoniumiza, si magunia."

"Nisamehe, babu."

"Nimeshakusamehe. Lete la pili."